Mpunga-Mwitu: Mmea na Tatizo la Jina Lake

Mswahili hutofautisha mpunga ulioko shambani, mchele uliokobolewa na wali uliopikwa. Hata hivyo, utajiri huo haumsaidii afasiripo jina la Kiingereza la nafaka imeayo katika maziwa ya kaskazini mwa Marekani, hasa Minnesota. Tafsiri ya neno kwa neno huzaa "mpunga-mwitu", jina lenye kasoro mbili.

Kasoro ya kwanza ni ya ukoo. Mpunga wa kawaida ni wa jenasi ya Oryza na una kromosomu 24. Nafaka hii, Zizania palustris, ina kromosomu 30. Ni jamaa, wala si ndugu wa tumbo moja.

Kasoro ya pili yahusu neno "mwitu". Tangu 1950 nafaka hii imelimwa pia katika majaruba. Kikwazo kikubwa kilikuwa kupukutika: punje za suke moja haziivi pamoja, na kila iivayo huanguka majini. Kwa Waojibwe, wavunao kwa mitumbwi wakigonga masuke kwa vijiti viwili, hiyo ni neema, kwani punje ziangukazo ndizo mbegu za miaka ijayo. Kwa mwenye mashine ni hasara. Mwaka 1963 ilionekana mimea isiyopukutisha upesi, na Chuo Kikuu cha Minnesota kikaendelea kuzalisha aina za namna hiyo. Kazi yenyewe ni ngumu: maua ya kike hutangulia yale ya kiume ya mmea ule ule, hivyo chavua hutoka kwa jirani, na sifa iliyoteuliwa haitulii upesi.

Chavua hiyo ndiyo chanzo cha mgogoro. Waojibwe huiita nafaka hii manoomin, nayo ni takatifu kwao. Wanahofu kwamba jeni za mbegu zilizogeuzwa zitapenya maziwani. Mwaka 2018 Waojibwe wa White Earth walipitisha sheria inayotambua haki za mmea wenyewe.

Basi aandikaye "mwitu" hukifanya kitu chenye watunzaji kionekane hakina mwenyewe. Afadhali neno la Waojibwe litoholewe kuwa "manumini". Tahadhari moja yahitajika: silabi ya kwanza isidhaniwe kuwa kiambishi cha wingi, akatokea mtu akaunda "numini". Neno hilo liwekwe katika ngeli ya I-ZI: manumini imeiva, manumini zimeiva.