Fimbo Isiyojua Upepo

Kijana wa Bukirasazi, katika nyanda za juu za Gitega, ambaye nafsi yake yatamani urubani lakini mkono wake haufiki kwenye ada za vyuo, amefunguliwa mlango ambao baba zake hawakuupata. Kwani akiwa na kompyuta ya wastani, na programu ya FlightGear itolewayo bure kwa kila aitakaye, na fimbo ya kuongozea iitwayo jostiki, aweza kupaa kutoka uwanja wa Melchior Ndadaye, Bujumbura, akavuka milima na kuviona kutoka juu vilima vya kwao. Walakini mafunzo mengi huiharakia ndege na kuipuuza fimbo, na hapo ndipo wengi hukata tamaa, wakidhani mikono yao haina kipaji, ilhali kasoro i katika chombo walichokishika.

Fimbo ikivutwa nyuma, kipande cha nyuma cha kibawa cha mkiani huinuka, mkia ukashuka na pua ikapanda. Ikilazwa kushoto, kipande cha nyuma cha bawa la kushoto huinuka na cha kulia hushuka, ndege ikaegemea kushoto. Nayo miguu, kwa pedali, huugeuza usukani wa mkia. Anayeanza aghalabu hudhani kuwa usukani huo ndio ugeuzao ndege kama ule wa jahazi, na sivyo. Ndege hugeuka kwa kuegemea, kwa sababu kani ya mabawa iliyokuwa ikiibeba juu sasa yaivuta upande, na kazi ya usukani ni kuizuia pua isipotoke kinyume cha mzunguko. Na kwa kuwa sehemu ya kani hiyo imetumika kugeuzia, pua hutaka kuanguka, basi fimbo huvutwa kidogo. Lakini kwa kiasi, maana katika mzunguko wa kuegemea kwa nyuzi 60 usioshuka mabawa hubeba uzito maradufu, na mwendo wa chini kabisa unaoweza kuishikilia ndege hewani hupanda kwa asilimia 41.

Katika ndege ndogo kama Cessna 172, ambayo iliruka kwa mara ya kwanza mwaka 1955, kishikio cha rubani kimefungwa kwa nyaya mpaka mkiani na mabawani, hata nguvu ya hewa ipigayo huko humfikia kiganjani: mwendo ukizidi kishikio huwa kigumu, ukipungua hulegea, na kulegea huko ni onyo lenye thamani kubwa. Jostiki ya kawaida ya mezani haina habari hiyo; springi yake hukaza vilevile, ndege ikiwa yakimbia au yakaribia kuanguka. Kwa hiyo kuitengeneza vema ni kumrudishia mwanafunzi baadhi ya kile alichonyimwa.

Kwanza isawazishwe, yaani izungushwe hadi ukomo wa kila upande kisha iachwe irudi katikati, ili kompyuta iijue mipaka yake. Jostiki iliyochakaa au kuingiwa na vumbi hutuma mitetemo hata isiposhikwa, ndiyo maana programu huruhusu kutengwa eneo la katikati lisilohesabiwa. Lakini eneo hilo liwe dogo, la kuuzima mtetemo tu, kwani likiwa pana mkono husogea bila jibu, kisha jibu huja kwa ghafula, na ndege hupanda na kushuka pasipo kikomo. Mwitikio nao upozwe karibu na katikati, ila uachwe kamili ukomoni, kwa sababu atuaye katika upepo wa ubavu huenda akauhitaji usukani wote. Kisha ndege itazamwe kutoka nje ikiwa chini, na kila kipande kihakikiwe kuwa kinakwenda upande wake. Tena mwanafunzi aizoee trimu, lile gurudumu dogo limpunguzialo rubani mzigo wa mkono: aishike pua mahali paitakiwapo, aizungushe trimu polepole, na kwa kadiri hiyo hiyo aiache fimbo irudi katikati.

Safari ya Gitega yafaa sana kuwa darasa la pili. Uwanja wa Bujumbura uko mita 787 juu ya bahari, na njia yake ya kurukia, ya mita 3,600, imeelekea Ziwa Tanganyika. Mashariki yasimama milima ambayo kilele chake, Heha, chapita mita 2,600, basi busara ni kuzunguka juu ya ziwa hilo hadi kimo kitoshe. Kwenye mita 1,700, kimo cha nyanda za Gitega, hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa takriban asilimia 15, na injini hudhoofu. Ala ya mwendo ikionyesha noti 65 za kutua, ndege kwa hakika yapita hewani kwa takriban noti 70, na ardhi huonekana ikikimbia kupita kiasi; mwanafunzi akihadaika na macho akavuta fimbo ili apunguze mwendo, fimbo ya mezani haitamlegea mkononi kumwonya, hivyo jicho lisibanduke kwenye ala ya mwendo hadi magurudumu yawe karibu kugusa.