Msiba Usio na Matanga

Mtu akifiwa, sisi tunajua la kufanya. Kabla jua halijazama turubai limefungwa, mikeka imetandikwa, na wanawake wa mtaa wameshagawana kazi: huyu anachambua mchele, yule anachochea kuni, mwingine amekaa ubavuni mwa mfiwa na haondoki. Mwenye msiba haambiwi apike wala afagie. Daftari la rambirambi linapita mkono kwa mkono, na hata jirani mliyegombana naye mwaka jana anafika na kilo mbili za sukari. Hii ni elimu ya kale, na ni elimu nzuri.

Sasa mtazame mama aliyeambiwa leo asubuhi kwamba mwanawe wa miaka sita ana kifafa. Anatoka kliniki na bahasha ya vidonge, anapanda daladala, anafika nyumbani mchana, anawasha jiko. Hakuna atakayekuja kumpa pole, maana hakuna aliyekufa; na baadhi ya watakaopata habari watakuwa na sababu ya kukaa mbali. Lakini mama huyu amefiwa. Amempoteza yule mtoto aliyekuwa akimwona akilini: anayekwenda kisimani peke yake, anayelala chumba cha pili na kaka zake, anayepanda basi kwenda shule ya bweni. Mtoto yuko hai, anacheka, anaomba chai, na mama anamlilia chooni ili asionekane.

Pauline Boss, mtaalamu wa familia wa Marekani, alianza kuichunguza huzuni ya namna hii katika miaka ya 1970, kwa familia za marubani waliopotea vitani Vietnam, watu ambao hakuna aliyeweza kusema wamekufa au wapo. Baadaye aliikuta pia kwa walezi wa wagonjwa ambao mwili upo lakini mtu waliyemjua anaonekana kupotea. Ugumu wake, alieleza, ni kwamba haina mwisho unaojulikana, kwa hiyo jamii haijui ifanye nini. Kifafa kinaongeza jambo moja: huzuni yake huja na kurudi. Miezi minne inapita bila kuanguka, mlezi anaanza kupumua, kisha asubuhi moja bakuli la uji linadondoka na kila kitu kinaanza upya.

Ninachoshikilia katika sura hii ni kwamba mlezi wa namna hii hatulizwi kwa maneno matamu peke yake. Lazima aeleweshwe ugonjwa wenyewe, tena kwa kina, kwa sababu nusu ya mzigo wake si huzuni; ni hatia isiyo yake. Anajiuliza alimkosea nani, alikanyaga nini alipokuwa mjamzito, ni deni gani la ukoo halijalipwa. Maswali hayo hayaondoki kwa kuambiwa ajikaze. Yanaondoka yakipata majibu.

Ubongo hufanya kazi kwa umeme mdogo sana unaopita kati ya mabilioni ya seli. Kwa kawaida seli hizo hupokezana, kundi moja likiamka jingine linatulia. Kifafa kinapomshika mtu, kundi kubwa la seli huwaka kwa pamoja bila mpangilio, na mwili hufuata: macho yanakwenda juu, taya zinabana, mikono na miguu inakakamaa kisha inatikisika, pengine mkojo unatoka. Wakati mwingine umeme huo hubaki sehemu moja ya ubongo, na hapo utaona mkono mmoja tu ukicheza, au mtoto akikodoa macho kwa sekunde kumi na kitu bila kusikia anapoitwa. Huyu wa mwisho mara nyingi huchapwa shuleni kwa kudhaniwa mzembe.

Daktari husema ni kifafa pale mtu anapopatwa na vipindi viwili au zaidi vya namna hiyo, vilivyopishana kwa zaidi ya saa 24, bila homa wala sababu nyingine ya papo hapo. Degedege la homa, linalowapata watoto kati ya miezi sita na miaka mitano, ni jambo jingine, na wengi wa watoto hao hukua bila kupata kifafa. Hata hivyo mtoto mwenye degedege apelekwe hospitali kwanza, maana homa hiyo inaweza kuwa ni malaria imefika kichwani.

Na sababu? Katika nchi zetu nyingi zinajulikana. Mtoto aliyekosa hewa wakati wa kuzaliwa, baada ya uchungu wa siku mbili mbali na hospitali. Malaria kali. Homa ya uti wa mgongo. Ajali ya bodaboda iliyojeruhi kichwa. Kuna pia tegu wa nguruwe, ambaye mayai yake hutoka katika kinyesi cha binadamu aliyeambukizwa, yakaingia katika maji au mboga zisizooshwa vizuri, na lava wake wakajenga uvimbe ndani ya ubongo. Ndiyo maana hata mtu asiyeonja nguruwe maishani mwake anaweza kuugua. Kando ya mito yenye kasi, minyoo ya usubi inayoenezwa na inzi weusi wadogo imeonekana kwenda pamoja na kifafa kwa wingi usio wa kawaida. Na katika karibu nusu ya wagonjwa wote duniani, kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, sababu haijulikani. Kutojulikana huko si mlango wa kumwingiza mchawi. Katika orodha yote hiyo hamna laana, hamna mzimu, wala hamna kitu kinachoambukizwa kwa mate au mkojo wa aliyeanguka.

Imani ya mate imeua watu. Mahenge, katika wilaya ya Ulanga mkoani Morogoro, daktari mzaliwa wa Norwei, Louise Jilek-Aall, alianzisha kliniki ya kifafa mwanzoni mwa miaka ya 1960 baada ya kukuta wagonjwa wengi mno katika vijiji vya Wapogoro. Aliandika juu ya watu waliotengwa, na juu ya makovu ya moto. Mtu akiangukia kwenye mafiga, waliokuwepo waliogopa kumgusa wakati mate yanamtoka, wakasubiri mpaka atulie. Yeye ndiye pia aliyeelezea hali ya watoto wa huko waliokuwa wakisinzia kichwa, ugonjwa ambao miongo kadhaa baadaye ulizua taharuki kaskazini mwa Uganda na Sudan Kusini. Kwa vidonge vya bei ndogo, wengi wa wagonjwa wake walirudi shambani na mezani pa familia zao.

Kwa hiyo ukimwona mtu anaanguka, mguse. Mwondoe kwenye moto, maji au barabara, mwekee nguo laini chini ya kichwa, legeza kola, na mtikisiko ukipungua mlaze ubavu ili mate yatoke nje. Usimkandamize. Usimtie kijiko mdomoni, wala kidole, wala maji, wala dawa. Ulimi haumezwi, ila meno huvunjika na vidole hukatwa. Tazama saa. Kipindi kikivuka dakika tano, au kikifuatwa na kingine kabla hajapata fahamu, hiyo ni dharura: tafuta usafiri wa kwenda hospitali, usiku au mchana. Akizinduka atakuwa amechanganyikiwa na pengine ana aibu. Kaa naye.

Dawa ipo. Fenobabitali inatumika kwa kifafa tangu mwaka 1912, na bado ni miongoni mwa dawa za bei ndogo kabisa. Zipo pia kabamazepini, fenitoini na valproeti, ingawa hii ya mwisho ina hatari kwa mtoto aliye tumboni, kwa hiyo msichana au mwanamke anayeweza kupata mimba azungumze na daktari kabla ya kupewa, na aliyekwisha kuianza asiiache mwenyewe. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kati ya watu wapatao milioni 50 wenye kifafa duniani, hadi asilimia 70 wangeweza kuishi bila kuanguka kama wangepata uchunguzi na tiba sahihi. Sharti lake ni kumeza kila siku. Kukatiza ghafla ni hatari kuliko wengi wanavyojua, kwa sababu mwili uliozoea dawa hiyo hujibu kwa vipindi vikali, vinavyoweza kufuatana bila kukoma. Waombeeni wagonjwa, wasomeeni dua, wapelekeni kanisani. Lakini mhubiri au mganga anayemwambia mama atupe vidonge kama ushahidi wa imani anacheza na uhai wa mtoto wa mwenzake, na ninamwomba aache.

Vidonge navyo huisha zahanati. Mama ametembea saa mbili, ameambiwa arudi wiki ijayo, na katika wiki hiyo mtoto anaanguka mara nne. Mama huyu atajilaumu. Mwambieni wazi kwamba kosa hilo lina mwenyewe, na mwenyewe si yeye.

Sura hii haiwezi kukwepa kifo. Watu wenye kifafa wana uwezekano wa kufa mapema hadi mara tatu ya watu wengine, na kwetu hali ni mbaya zaidi. Utafiti uliofanywa Kilifi, pwani ya Kenya, ulikuta kwamba katika vifo vilivyotokana na kifafa, vingi vilisababishwa na vipindi mfululizo visivyokoma. Wengine huzama mtoni au huungua. Na kuna kifo cha ghafla, kinachompata takriban mgonjwa mmoja katika kila 1,000 kwa mwaka, mara nyingi usingizini, kifudifudi, bila kelele. Wataalamu wanaamini kwamba baada ya kipindi kikali pumzi na moyo hushindwa kurudi katika mwendo wake. Kumeza dawa bila kukosa hupunguza hatari, na kulala chumba kimoja na mtu mwingine huonekana kusaidia. Walezi waambiwe haya mapema, kwa upole, kabla hayajatokea. Kuficha hakuwalindi, kunawaachia swali la maisha yote: kwa nini hakuna aliyenieleza?

Lakini kupunguza si kuzuia. Wapo waliokufa hali wamemeza dozi zote na mama amelala mkeka mmoja nao. Mlezi aliyepitiwa na usingizi usiku ule alifanya kile ambacho kila kiumbe lazima afanye. Asingeweza kukesha miaka yote.

Baada ya mazishi, mlezi wa kifafa hupata tabu ambazo mfiwa mwingine hazijui. Masikio yake yamezoea kukesha. Kitanda cha jirani kikilia, ameshasimama. Siku yake iligawanywa na vidonge vya asubuhi na vya jioni, na sasa saa mbili inafika na mikono haina kazi. Na kuna jambo ambalo wengi hawalisemi mpaka waulizwe na mtu wanayemwamini: ahueni. Usiku wa kwanza wa kulala hadi alfajiri, mwili unashukuru, na moyo unaushitaki mwili kwa kushukuru. Ahueni hiyo si dalili kwamba hakumpenda mtoto. Inatokana na mwili uliochoka kupita kiasi, na inakaa pamoja na upendo katika kifua kimoja bila kuupunguza.

Kwa sababu hiyo, ninyi mnaokwenda kuhani, chungeni neno moja. Kusema marehemu amepumzika ni desturi, na wapo linaowafariji. Kumwambia mama kwamba na yeye sasa amepumzika ni kumchoma pale panapouma zaidi. Mtajeni mtoto kwa jina. Semeni alivyokuwa akicheza, alivyokuwa mtundu. Wengi walimjua kama yule mwenye kifafa, na mama ana njaa ya kusikia kwamba alikuwa mtu kamili kwa utu wake.

Ndugu zake wadogo nao wasisahaulike. Walitumwa kumwangalia asiende mtoni. Yupo kati yao anayeamini kwamba alikufa kwa sababu yeye alikwenda kucheza. Aketishwe na aelezwe, kwa maneno ya umri wake, ubongo ulifanya nini siku ile. Baba naye, aliyefunzwa kwamba mwanamume halii, aulizwe habari zake mwenyewe, si za mkewe tu.

Vidonge vilivyobaki virudishwe kliniki. Mgonjwa mwingine asipewe kwa kukisia, na visikae kabatini katika nyumba yenye huzuni, maana fenobabitali ikimezwa kwa wingi inaua.

Huzuni yenyewe haina kalenda. Arubaini itapita na mama bado ataweka sahani moja zaidi. Hilo ni la kawaida. Lakini mwongozo wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani, unaotumika tangu 2022, unatambua huzuni iliyogeuka maradhi: zaidi ya miezi sita imepita, kupita kiasi cha desturi za jamii husika, na mtu bado hawezi kufanya kazi, haoni maana ya maisha, analaumu nafsi yake bila kupumzika. Anayesema anataka kumfuata mtoto asingoje miezi sita wala siku sita. Asiachwe peke yake. Ukimwona wa hivyo mtaani kwako, mshike mkono umpeleke hospitali leo, ukae naye kwenye benchi mpaka aitwe jina, na kesho upite tena kumtazama, hata kama turubai lilishafunguliwa zamani.