Wahamiaji: Mbunge wa Marekani humsikiliza nani?

Juni 10, 2014, Eric Cantor, kiongozi wa wabunge walio wengi katika Baraza la Wawakilishi la Marekani, aliangushwa katika kura za mchujo za chama chake cha Republican huko Virginia. Aliyemshinda ni Dave Brat, profesa wa uchumi ambaye jina lake halikuwa likijulikana sana nje ya eneo hilo.

Tangu cheo hicho kianzishwe mwaka 1899, hakuna kiongozi wa walio wengi aliyewahi kupoteza tiketi ya chama chake. Katika kampeni yake Brat alimtuhumu Cantor kwamba alikuwa tayari kuwapa "msamaha" wahamiaji wasio na vibali.

Waliopiga kura siku hiyo walikuwa takriban 65,000, katika eneo la ubunge lenye watu zaidi ya laki saba. Kwa maneno mengine, mchujo huo uliamuliwa na watu wasiofika mmoja katika kila kumi.

Hapo ndipo penye ufunguo wa swali wanalouliza Waafrika Mashariki wengi, walioko nyumbani na ughaibuni: iweje Wamarekani wengi waseme wanataka wahamiaji wapatiwe njia ya kuishi kihalali, na bado Bunge lao lishindwe kupitisha sheria? Jibu ni kwamba mbunge huwasikiliza wapiga kura wake, lakini si wote, wala si kwa uzito sawa.

Ngome na mchujo

Wajumbe 435 wa Baraza la Wawakilishi huchaguliwa kila baada ya miaka 2. Maeneo mengi ni ngome za chama kimoja. Msomaji wa Kisumu au wa Dodoma hahitaji kuelezwa sana jambo hili: pale chama kinapotawala, mwenye tiketi ndiye mbunge, na Uchaguzi Mkuu hubaki kuwa utaratibu wa kukamilisha.

Kwa hiyo, mbunge wa ngome ya Republican haogopi mpinzani wa chama cha Democratic. Anamwogopa mwana-Republican mwenzake atakayesimama kushoto au kulia kwake, na katika suala la uhamiaji tishio hutoka kwa mwenye msimamo mkali zaidi.

Seneti ilikuwa imepitisha muswada mpana wa uhamiaji Juni 27, 2013, kwa kura 68 dhidi ya 32, ukiwa na njia ndefu ya kufikia uraia. Spika wa Baraza la Wawakilishi wakati huo, John Boehner, hakuuleta ukapigiwe kura. Kabla ya Juni 2014 kumalizika, alikuwa amemfahamisha Rais Barack Obama kwamba hakutakuwa na kura yoyote mwaka huo. Muswada ukafa bila hata kukataliwa.

Hata hivyo, tusimbebeshe Brat sifa zote. Siku ileile Cantor alipoanguka, Seneta Lindsey Graham wa South Carolina, mmoja wa maseneta 8 walioandika muswada huo, aliwashinda wapinzani 6 katika mchujo wa chama hichohicho. Graham aliutetea msimamo wake hadharani mbele ya wapiga kura wake. Cantor alilaumiwa kwamba amehamia Washington na kuwasahau waliomtuma. Wanasiasa, kwa kawaida yao, walilikumbuka anguko la Cantor na kuusahau ushindi wa Graham.

Wenye simu na wasio na kura

Kuna pia tofauti kati ya kuwa na maoni na kuyafanyia kazi. Muswada wa mwaka 2007, ulioungwa mkono na Rais George W. Bush, ulipofika katika kura ya kuendelea Juni 28, simu za Seneti zilizidiwa na wananchi waliopiga kuupinga. Zilihitajika kura 60, zikapatikana 46. Waliouunga mkono kimoyomoyo hawakusikika.

Wengine hawana hata nafasi ya kusikika. Viti vya Baraza la Wawakilishi hugawanywa kwa kuhesabu wakazi wote, raia na wasio raia. Mkongo au Mkenya mwenye Green Card huhesabiwa katika sensa na hulipa kodi, lakini hawezi kumchagua wala kumwondoa mbunge wake. Kwa kawaida hungoja miaka 5 kabla ya kuomba uraia.

Athari yake ilionekana katika muswada uleule wa 2013, ambao marafiki wa wahamiaji waliushangilia. Ndani yake kilikuwamo kifungu cha kuifuta bahati nasibu ya Green Card, iliyoanzishwa na sheria ya mwaka 1990 na kuwafungulia mlango Waafrika wengi, na kuweka mfumo wa alama za elimu na kazi. Wanachama wote wa Democratic katika Seneti waliupigia kura. Mtu anayejaza fomu za bahati nasibu Nairobi au Bujumbura si mpiga kura wa seneta yeyote.

Upepo hubadilika

Januari 2025, maseneta 12 wa Democratic waliungana na Republican kupitisha sheria inayolazimu kuzuiliwa kwa wahamiaji wasio na vibali wanaokamatwa kwa tuhuma za wizi na makosa mengine. Miongoni mwao walikuwamo maseneta wote wa Arizona, Georgia na Nevada, majimbo ambayo Donald Trump alikuwa ameyatwaa miezi 2 kabla. Ni vigumu kuona hapo kitu kingine zaidi ya hesabu ya kura.

Kwa mujibu wa taasisi ya Gallup, Wamarekani waliotaka uhamiaji upunguzwe walikuwa asilimia 55 mwaka 2024. Kufikia katikati ya 2025 walikuwa wameshuka hadi asilimia 30. Lakini sheria iliyopitishwa upepo ukivuma upande mmoja haifutiki upepo unapogeuka. Kuifuta kunahitaji muswada mwingine, na kura 60 nyingine katika Seneti.

Mchujo unaoumiza wahamiaji mahali pamoja huwainua mahali pengine. Minneapolis, katika jimbo la Minnesota, ni ngome ya Democratic wanakoishi Wasomali wengi waliokwisha kupata uraia, baadhi yao waliojifunza Kiswahili wakiwa wakimbizi nchini Kenya. Agosti 2018 walijitokeza katika mchujo wa chama hicho, na Ilhan Omar, aliyepitia kambi ya wakimbizi Kenya akiwa mtoto, akapata tiketi. Uchaguzi wa Novemba haukuwa na mashaka.