Je, Wajua? Uwanja wa Watoto wa Magogo, Mawe na Udongo

Mtoto wa Mwembesongo, pale Manispaa ya Morogoro, hahitaji mwalimu wa kumfundisha kucheza na ardhi. Mashimo ya bao yanachimbwa chini ya mwembe, vijiwe vya mdako vinaokotwa njiani, na kombolela bila shina la kujificha haina raha. Siku hizi ng'ambo kuna wabunifu wanaolipwa vizuri kurudisha hayohayo katika bustani za miji: magogo ya kupanda, vilima vya udongo, mawe na vichaka, badala ya vyuma na plastiki.

Je, wajua kwamba jambo hili lina historia ya vita? Mbunifu wa bustani wa Denmark, C. Th. Sørensen, aliona watoto wakiviacha viwanja walivyojengewa na kukimbilia kwenye maeneo ya ujenzi. Mwaka 1943, nchi yake ikiwa mikononi mwa majeshi ya Ujerumani, uwanja wa Emdrup ulifunguliwa jijini Copenhagen, watoto wakaachiwa mabaki ya mbao na matofali wajenge watakacho.

Je, wajua kwamba mchanga haupokei anguko vizuri kama tunavyodhani? Mwongozo wa usalama wa Marekani unasema sentimita 23 za mchanga zinatosha kwa kimo cha mita 1.2 tu. Vipande vya mbao vya kina hichohicho vinatosha hadi mita 3. Ila vinahitaji kuongezwa mara kwa mara, maana hushindiliwa na kuoza. Njia rahisi zaidi ni kuulaza mtelezo juu ya kilima cha udongo, mtoto akose pa kuangukia.

Magogo nayo yana mambo yake. Mchwa wa Morogoro hawana simile, lakini mitiki inawashinda kwa muda mrefu, na mkoa huu unayo mashamba ya mitiki, likiwemo la Mtibwa. Usishawishike na nguzo kuukuu za umeme, hata ukipewa bure: nyingi hutiwa dawa yenye aseniki, ambayo ni sumu. Marekani iliacha kutumia mbao za dawa hiyo kwenye vifaa vya watoto mwishoni mwa 2003. Wala usipande Milima ya Uluguru kukata magogo. Msitu ule ni hifadhi ya mazingira asilia tangu 2008, na mito yake ndiyo inayoulisha Mto Ruvu, unaonywesha Dar es Salaam.

Maji ndiyo yanayowavuta watoto kuliko chochote. Anayetaka kuona mfano aende Rock Garden, chini ya milima hiyo, mahali kijito kinapopita katikati ya mawe makubwa. Uwanjani, bomba la mkono na mfereji wa mawe vinatosha, mradi maji yaishe kabisa jioni. Yai la mbu laweza kuwa mbu kamili kwa siku 7 hadi 10, na dimbwi la kudumu hukaribisha konokono wa kichocho.

Je, wajua kwamba udongo wenyewe unaweza kuwa tiba? Nchini Finland watafiti walitandaza udongo na mimea ya msituni kwenye viwanja vya chekechea. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2020, yalionyesha kwamba ndani ya siku 28 bakteria wa ngozini mwa watoto waliongezeka aina, na damu yao ikaonyesha dalili za kinga iliyotulia zaidi. Kwetu habari hiyo ichukuliwe kwa tahadhari: minyoo ya safura hupenya kwenye nyayo kutoka udongo uliochafuliwa na kinyesi. Kwa hiyo choo kijengwe kabla ya kilima, na shimo la mchanga lifunikwe usiku paka wasiligeuze lao.

Kuhusu sheria, kucheza si anasa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataja mchezo na mapumziko pamoja na chakula, malazi na matibabu.

La mwisho ni ua. Utomvu wa mnyaa, unaopandwa sana kama uzio, huunguza macho vibaya. Mbegu za mbono na za mnyonyo ni sumu, na watoto huzidhania karanga. Kama shule ya mtaani kwenu imezungushiwa mojawapo ya mimea hiyo, anzeni kwa kuing'oa, huku mmevaa glavu na kukinga macho.