DALALI WA ARDHI NA NYUMBA: LESENI YAKE NA MIPAKA YA KAZI YAKE

Udalali ni kazi kongwe katika visiwa vya Unguja na Pemba. Dalali humkutanisha mwenye kitu na mwenye kukihitaji, akapata ujira kwa juhudi yake, na hakuna aibu ndani ya kazi hiyo. Lakini kitu kinachouzwa kinapokuwa nyumba au haki ya ardhi, kosa la dalali haliishii kwenye hasara ya siku moja. Mtu huweza kutoa akiba ya miaka ishirini kwa ajili ya kiwanja ambacho aliyemuonesha hakuwa na mamlaka nacho. Kwa sababu hiyo ni muhimu wananchi wafahamu leseni ya dalali inathibitisha nini, na ni mambo gani haiyathibitishi.

LESENI NI YA BIASHARA, SI YA ARDHI

Udalali ni biashara kama biashara nyengine. Sheria ya Mfumo wa Utoaji Leseni Zanzibar ya 2013 ndiyo iliyoweka utaratibu wa jumla wa leseni, na majina ya biashara na kampuni husajiliwa kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali. Anayefanya udalali kwa ujira anapaswa kuwa na karatasi zake, na si ufidhuli kwa mteja kuomba azione kabla ya kufuatana naye kwenda kuangalia nyumba.

Hata hivyo, leseni ya biashara husema jambo moja tu: kwamba mwenye nayo ameruhusiwa kufanya biashara. Haisemi kwamba kiwanja ni cha yule aliyemtuma dalali, wala kwamba mipaka yake ni ile iliyooneshwa kwa kidole, wala kwamba hakijauzwa kwa mtu mwengine jana.

Ikumbukwe kwamba kwa mujibu wa Sheria ya Matumizi ya Ardhi Nambari 12 ya 1992, ardhi ya Zanzibar ni mali ya umma, nayo imewekwa chini ya dhamana ya Rais kwa manufaa ya wananchi. Kinachohama kutoka mkono mmoja kwenda mwengine ni haki ya kuitumia ardhi hiyo. Haki hiyo hupatikana kwa kupewa na Serikali, kwa kutambuliwa, kwa kurithi, kwa kununua au kwa zawadi, na huipata Mzanzibari aliyetimia umri wa miaka 18. Kwa hiyo dalali anayemwambia mgeni kutoka nje ya nchi kwamba atamuuzia kiwanja cha pwani "kiwe chake moja kwa moja" anamwahidi kitu ambacho sheria haikukitoa. Njia za mgeni ni ukodishaji kwa utaratibu wa uwekezaji, au fleti iliyosajiliwa chini ya Sheria ya Kondominia ya 2010.

Kadhalika, eka tatu tatu zilizogaiwa kwa wananchi baada ya Mapinduzi ya 1964 zilitolewa kwa ajili ya kilimo. Hati ya eka tatu haikuwa ruhusa ya kukata viwanja na kuviuza. Vivyo hivyo nyumba ya wakfu, na ziko nyingi katika Mji Mkongwe, haiuzwi kwa sababu tu aliyemo ndani ameishi humo miaka mingi.

KAZI NNE ZISIZOFANANA

Katika kununua nyumba au kiwanja kuna watu wanne ambao kazi zao huchanganywa, na kuchanganywa huko ndiko kunakoleta madhara.

Mpima ardhi huthibitisha mipaka na ukubwa. Mthamini hukadiria thamani kwa elimu ya fani yake. Tanzania Bara imewatungia wathamini sheria yao ya usajili tangu 2016. Wakili hutayarisha mkataba na kutoa ushauri wa sheria. Dalali kazi yake ni kukutanisha pande mbili na kurahisisha mazungumzo. Dalali anayepima kiwanja kwa hatua za miguu, akataja thamani, akaandika mkataba na tena akapokea fedha, amebeba kazi nne peke yake, na ikitokea hitilafu mnunuzi hana wa kumuuliza isipokuwa yeye huyo huyo.

Sheha naye ni shahidi muhimu, kwani anawajua watu wa shehia yake. Lakini barua ya sheha ni ushahidi wa ukaazi na ujirani. Haichukui nafasi ya hati.

WENGINE WALIVYOFANYA

Ziko nchi zilizoona kwamba leseni ya kawaida ya biashara haitoshi kwa kazi hii. Kenya ilitunga Sheria ya Mawakala wa Majumba na Ardhi mwaka 1984, ikaunda bodi ya kuwasajili, na ikafanya kuwa ni kosa la jinai kwa mtu asiyesajiliwa kuifanya kazi hiyo.

Singapore, ambayo nayo ni nchi ya kisiwa, ilitunga sheria yake mwaka 2010. Huko wakala hutakiwa afaulu mtihani, awe chini ya kampuni yenye leseni, na jina lake liwemo katika daftari ambalo mtu yeyote anaweza kulitazama. Haruhusiwi kumwakilisha muuzaji na mnunuzi kwa pamoja katika mali moja. Aidha, haruhusiwi kushika fedha za ununuzi wa nyumba.

Masharti hayo yanajibu maswali ambayo mnunuzi wa popote hujiuliza: Je, mtu huyu anaijua kazi yake? Anamtumikia nani? Fedha ziko mikononi mwa nani? Mnunuzi wa Jang'ombe au Wete anaweza kumuuliza dalali wake maswali hayo hayo leo. Wala si mageni kwa Waislamu. Fikihi imekwishaeleza kwamba wakala ni mwenye amana, na imekataza najshi, yaani kuleta mnunuzi wa uongo ili bei ipande.

MFANO WA NYUMBA YA MIRATHI

Mfano mmoja utadhihirisha jambo hili. Mzee amefariki, ameacha mjane, mtoto mmoja wa kiume na wawili wa kike, na nyumba moja. Kijana anafuatana na dalali, wanaitangaza nyumba, na mnunuzi anapatikana. Dalali ana leseni na kijana ana ufunguo, kwa hiyo mnunuzi anatoa fedha.

Ukigawa nyumba hiyo mafungu 32 kwa hesabu ya mirathi, mjane ana mafungu 4, ambayo ni thumni yake. Kijana ana 14. Na kila binti ana 7. Kijana hamiliki hata nusu ya nyumba. Mjane na mabinti watakapokwenda mahakamani, mnunuzi atajikuta ametoa bei ya mafungu 32 kwa mwenye 14. Wao nao watakuwa wamesumbuliwa ndani ya nyumba yao wakiwa katika msiba. Dalali atakuwa amekwishapokea ujira wake.

Madhara yote hayo yangezuilika kwa swali moja: warithi ni nani, na wameridhia wote? Dalali mwema huuliza swali hilo kabla ya kuitangaza nyumba, na mnunuzi mwangalifu hulirudia kabla ya kutoa fedha.

MAMBO YA KUZINGATIA

Kwanza, mnunuzi aone leseni na kitambulisho cha dalali, pamoja na maandishi ya mwenye mali yanayomruhusu kuiuza.

Pili, aonane na mwenye mali mwenyewe. Dalali anayekataa kuwakutanisha ana sababu, na aghlabu sababu hiyo si njema.

Tatu, hati ichunguzwe katika ofisi ya Mrajis wa Ardhi, na kiwanja kipimwe mbele ya majirani. Ikiwa ni nyumba ya mirathi, upatikane uthibitisho wa warithi na ridhaa yao ya maandishi.

Nne, ujira wa dalali na nani ataulipa yaandikwe tangu mwanzo. Arubuni isitolewe bila ya stakabadhi inayotaja mali, kiasi, tarehe, na hali itakayofanya irudishwe. Fedha za ununuzi zipitie benki kwenda kwa mwenye mali.

Tano, uhaulishaji ufanywe kwa utaratibu wa sheria. Tangu Sheria ya Uhaulishaji Ardhi ya 1994, uhaulishaji wa kudumu na ukodishaji wa muda mrefu hupitishwa katika Bodi ya Uhaulishaji Ardhi. Makubaliano ya barazani, hata yakiwa na mashahidi kumi, hayajawa uhaulishaji.

Dalali mwaminifu hana cha kupoteza katika utaratibu huu. Yeye ndiye wa kwanza kufaidika nao, kwani mteja aliyepata hati yake salama humletea mteja mwengine. Anayechukia kuulizwa ni yule ambaye biashara yake inategemea haraka ya mnunuzi. Wahenga walikwishasema kwamba mali bila ya daftari hupotea bila ya habari, na mwenye kununua ardhi asione uzito kuchelewa wiki mbili akilitafuta daftari hilo.