Masomo ya Bure Yanahitaji Darsa

Elimu ilipotangazwa kuwa bure Zanzibar, Septemba 23, 1964, lililokusudiwa ni kuwa umasikini wa mzazi usimzuie mtoto kusoma. Leo umefunguka mlango mwingine, usiombagua hata mtu mzima aliyekwisha kuiacha skuli: masomo yatolewayo bila ya malipo kwa njia ya intaneti.

Chuo cha MIT cha Marekani kilitangaza 2001 kuwa kitayaweka masomo yake hadharani, na leo yanazidi 2,500. Chuo Kikuu Huria cha Uingereza kikafuata 2006 kwa kufungua OpenLearn. Fundi umeme wa Wete au karani wa Mkoani anaweza kusoma yale yale asomayo mwanafunzi wa ng'ambo, bila ya kuvuka bahari.

Lakini mlango kuwa wazi si hoja kuwa watu wameingia. Harvard na MIT zilipotoa, 2014, hesabu ya masomo yao 17 ya mwanzo, walihesabiwa waliojiandikisha mara 841,687, na vyeti vilivyopatikana vilikuwa 43,196. Yaani kama 5 katika kila 100. Tusikimbilie kuuita huo uvivu, kwani wengine hujiandikisha kwa kutaka kuonja tu. Hata hivyo, asomaye peke yake hana wa kumuuliza. Kwetu sisi huongezeka mawili: masomo mengi ni ya Kiingereza, na kifurushi cha simu hakitolewi bure.

Dawa yake tunaijua tangu zamani. Katika darsa, asiyefahamu huuliza, na aliyetangulia humngoja mwenziwe. Tanzania Bara nayo, katika kampeni ya Mtu ni Afya ya 1973, haikumwachia kila mtu redio yake. Watu wapatao milioni 2 walikutana kwa vikundi, wakasikiliza, wakajadiliana, kisha wakenda kuchimba vyoo. Chombo kilikuwa redio, lakini nguvu ilikuwa ya kikundi.

Kwa hivyo ni wajibu wa wenye mamlaka kuhakikisha kuwa kompyuta zilizomo katika maktaba na vituo vya walimu, Unguja na Pemba, hazilali zimefungiwa jioni. Somo likipakuliwa mara moja, wasome watu ishirini. Na ajuaye Kiingereza awafasirie wenziwe.

Limebaki suala la ajira. MIT haitoi cheti kwa masomo yake ya wazi. OpenLearn hutoa hati ya kushiriki bila ya malipo. Kwengineko mara nyingi somo huwa bure na cheti kikanunuliwa. Hati hizo si digrii, na kijana asidanganywe kuwa ni digrii. Lakini mwajiri naye asizitupe kapuni. Anayesema amejifunza kutunza hesabu apewe daftari la hesabu, na anayesema amejifunza kompyuta akalishwe mbele ya kompyuta. Kazi itasema ikiwa elimu imo au haimo.

Elimu ni bahari, na watu wa visiwani hawana haja ya kufundishwa kuwa bahari haivukwi kwa kutazamwa ufukweni. Vijana na waunde vikundi vyao tangu sasa, na wakuu wa ofisi nao watoe funguo.