Unga Wenye Virutubishi: Kanuni Ipo, Je, Imefika Mashineni Kwetu?



Katika ziara zetu sharikani tumeulizwa mara nyingi swali hili: "Sisi tunalima mahindi wenyewe, tunakula na kushiba. Watoto wetu wanakosa nini?" Ni swali la haki. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa kati ya watoto 10 wa Tanzania walio chini ya miaka mitano, 3 wamedumaa. Lakini Iringa na Njombe, mikoa inayolisha nchi mahindi, waliodumaa ni nusu ya watoto au zaidi. Ghala limejaa na mtoto amedumaa. Katika toleo hili tunaeleza sehemu moja ya jibu, yaani kanuni za kuongeza virutubishi katika chakula, na kwa nini kanuni hizo bado zinawapita washarika wetu wengi.

Urutubishaji ni nini?

Kurutubisha chakula ni kuongeza vitamini na madini kwa kiasi kilichopimwa, katika chakula ambacho watu wanakula kila siku, bila kubadili ladha wala mapishi. Mahindi meupe yanatupa nguvu, lakini hayana vitamini A wala vitamini B12. Tukiyakoboa kupata sembe, tunaondoa ganda na kiini, na humo ndimo yalimo madini chuma mengi na vitamini nyingi za kundi B. Pumba tunawapa nguruwe, nao wananenepa.

Wengine watasema, "Basi tule dona." Ushauri huo ni mzuri na tunauunga mkono. Hata hivyo dona nayo ina asili inayozuia madini chuma yasifyonzwe vizuri mwilini, na vitamini B12 haimo kabisa kwa kuwa hupatikana katika nyama, maziwa, mayai na samaki. Nyumba inayokula nyama Krismasi na Pasaka tu haipati ya kutosha.

Upungufu huu hauonekani kwa macho, ndiyo maana wataalamu wanauita njaa iliyofichika. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015/16 ulikuta upungufu wa damu kwa asilimia 58 ya watoto wenye umri wa miezi 6 hadi 59, na asilimia 45 ya wanawake wa umri wa kuzaa.

Tulianza na chumvi

Jambo hili si geni kwetu. Wazee wa nyanda za juu kusini wanakumbuka jinsi uvimbe wa shingo, yaani goita, ulivyokuwa wa kawaida vijijini. Udongo wa milimani una upungufu wa madini joto, na mtoto aliyeyakosa tumboni mwa mama aliweza kuzaliwa na akili iliyodumaa. Katika miaka ya 1980 serikali iligawa vidonge vya mafuta ya madini joto katika wilaya zilizoathirika zaidi, na katikati ya miaka ya 1990 zikawekwa kanuni za kutaka chumvi ya kula iwe na madini joto. Leo kijana wetu hajui goita ni kitu gani. Hakuna aliyeambiwa abadili chakula. Kilichobadilika ni chumvi iliyokuwa tayari jikoni mwake.

Kanuni zinasema nini?

Mwaka 2011 zilitolewa Kanuni za Urutubishaji wa Chakula chini ya Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi ya mwaka 2003, na mwaka 2013 mpango wa kitaifa ukazinduliwa. Kwa kifupi:

1. Unga wa ngano na unga wa mahindi huongezwa madini chuma, zinki, foliki asidi na vitamini B12.
2. Mafuta ya kula huongezwa vitamini A, kwa sababu vitamini hiyo huyeyuka katika mafuta.
3. Mzalishaji lazima afuate viwango vya kila kirutubishi, vyenye kima cha chini na kima cha juu, na aonyeshe kwenye kifungashio kwamba chakula kimeongezwa virutubishi.

Awali usimamizi ulikuwa chini ya Mamlaka ya Chakula na Dawa. Tangu mwaka 2019 kazi ya kusimamia usalama na ubora wa chakula ilihamishiwa Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania ndiyo mshauri wa serikali katika mambo ya lishe.

Tunaomba wazazi waangalie zaidi foliki asidi. Upungufu wake kwa mama ni moja ya sababu za mtoto kuzaliwa na mgongo wazi, na wengi wa watoto hao hupata pia kichwa kikubwa. Uti wa mgongo wa mtoto hujifunga ndani ya siku 28 hivi tangu mimba kutungwa. Wakati huo mama wengi hawajajua kuwa ni wajawazito, na kliniki hawajafika. Utafiti uliofanywa chini ya Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza na kutangazwa mwaka 1991 ulionyesha kuwa kwa mama waliokwisha kuzaa mtoto mwenye tatizo hilo, foliki asidi ilipunguza hatari ya kulirudia kwa asilimia 72. Kidonge cha kliniki kina kazi yake, lakini kwa tatizo hili mara nyingi huchelewa. Unga wa kila siku hauchelewi.

Hapa tunajibu pia maneno tunayoyasikia mitaani, kwamba unga wenye virutubishi ni njia ya kuwafunga wanawake uzazi. Si kweli. Foliki asidi imewekwa kwa ajili ya mwanamke atakayezaa, ili mtoto wake azaliwe salama. Wachungaji na wainjilisti wasaidie kulisema hili bila kuona haya.

Kanuni inapoishia

Soma tena kanuni hizo. Zinamgusa anayefungasha unga na kuuuza. Mkazi wa mjini akinunua mfuko wa unga dukani, sheria inamlinda. Lakini mama wa kijijini habebi mfuko wa dukani. Anabeba debe la mahindi yake mwenyewe kichwani mpaka kwenye mashine, analipia kusaga, anarudi na unga wake. Mwenye mashine hauzi unga, anauza huduma. Mafuta ni hivyo hivyo: alizeti yetu tunaikamua hapa hapa na kuuza kwa chupa, na vitamini A haijaongezwa. Hivyo wanaolima chakula ndio wanaobaki nje ya kanuni iliyowekwa kwa ajili ya walaji.

Sisi wenyewe tulijaribu kuziba pengo hili, na tulikosea. Kikundi kimoja cha akina mama kilikuwa kinasaga na kuuza sembe. Ofisi yetu ya miradi ikawanunulia virutubishi, wakachanganya kwa mkono ndani ya beseni. Tulipopeleka sampuli kupimwa, mfuko mmoja ulikuwa na virutubishi vilivyozidi, na mwingine karibu haukuwa na kitu. Kosa halikuwa la akina mama. Tuliwapa kirutubishi bila kuwapa kipimo. Kiasi kinachohitajika ni gramu mia kadhaa tu kwa tani nzima ya unga, na mkono wa mtu hauwezi kutawanya kiasi hicho sawasawa. Hapo tukaelewa kwa nini kanuni zina kima cha chini na cha juu.

Kipo kifaa kinachofungwa kwenye mashine ndogo, kiitwacho dosifaya, ambacho hupima virutubishi kadiri nafaka inavyopita. Shirika la Sanku limekuwa likivifunga vifaa hivyo katika mashine ndogo hapa Tanzania. Kifaa peke yake hakitoshi. Virutubishi ni gharama ya kila mwezi, na mradi ukimaliza fedha bila mpango wa nani atalipa, kifaa kitabaki pambo. Hilo lazima tulizungumze mapema na wenye mashine, na tulizungumze kwa ukweli.

Tufanye nini?

Tunapendekeza usharika uanze na shule. Wazazi wengi wanachangia mahindi ya uji na chakula cha mchana, na mahindi hayo yote husagwa kwenye mashine moja au mbili. Kamati ya shule ikikubaliana na mwenye mashine hiyo aongeze virutubishi kwa kipimo, na gharama ikaingizwa katika mchango wa wazazi, watoto wote watafikiwa kwa pamoja, mtoto wa mwalimu na mtoto wa kibarua. Mashine ikishakuwa na kifaa, mama mwenye debe lake naye ataweza kuomba huduma hiyo hiyo.

Vikundi vinavyouza unga au mafuta vionane na Afisa Lishe wa wilaya na TBS kabla ya kuchapisha vifungashio. Msiandike kwamba mmeongeza virutubishi kabla hamjapimwa.

Nyumbani, mambo haya yanawezekana leo:

- Soma kifungashio cha unga, mafuta na chumvi kabla ya kulipa.
- Hifadhi chumvi kwenye chombo chenye mfuniko, na mafuta mahali pasipo na jua.
- Usinywe chai pamoja na chakula, kwa sababu hupunguza madini chuma yanayofyonzwa.
- Mtoto wa umri wa miezi 6 hadi 59 apelekwe kupata matone ya vitamini A mara mbili kwa mwaka.

Unga wenye virutubishi hauondoi haja ya maharage, mboga za majani, mayai na matunda, wala haumalizi udumavu peke yake. Maji safi, choo bora na kunyonyesha vina nafasi yake. Ila ni msaada unaomfikia mtu bila kumwomba abadili maisha yake, kama chumvi ilivyofanya.

Katika habari ya mjane wa Sarepta, Mungu alimtunza mama yule na mwanawe kwa unga na mafuta, vitu vilivyokuwa tayari nyumbani mwake. Nasi tuanze na debe ambalo mama zetu wanalibeba. Sharika zitakazokubaliana na wenye mashine zituandikie kupitia ofisi ya jimbo, ili tupange pamoja mafunzo na upimaji wa sampuli.